Mkituona Tumenenepa, Tuambieni

Newcastle, Uingereza

Wapendwa ndugu zangu wa Tanga,

 

Nawaandikia kuhusu miili yetu. Kila tukija likizo, aliyerudi na kitambi anashangiliwa: "Ulaya imekukubali!" Aliyepungua anaitwa kando aulizwe anaumwa nini. Hofu hiyo naielewa. Miaka ya tisini tulizika wengi waliokonda kwa UKIMWI, na tangu hapo wembamba unatutisha. Lakini kisukari aina ya pili mara nyingi kinakuja na kilo hizo hizo tunazopongezwa.

Watafiti wa Marekani waliwafuatilia wauguzi wanawake zaidi ya 114,000 kuanzia mwaka 1976. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1995 yalionyesha kuwa aliyeongezeka kilo 5 hadi 8 tangu akiwa na miaka 18 alikuwa na hatari ya kupata kisukari karibu mara mbili ya yule ambaye uzito wake haukubadilika sana. Aliyeongezeka kilo 8 hadi 11, hatari yake ilikaribia mara tatu. Ndugu zangu, kilo 8 hazimfanyi mtu aitwe bonge. Zinaingia kidogo kidogo, kilo moja mwaka huu, nusu mwakani, hadi nguo ya harusi inakataa kufunga.

Mafuta ya mwilini yakizidi, yanajipenyeza kwenye ini na kongosho. Ini lenye mafuta haliitii insulini, linaendelea kumwaga sukari kwenye damu hata mtu akiwa hajala. Kongosho nalo, linalotengeneza insulini, linalemewa. Profesa Roy Taylor wa Chuo Kikuu cha Newcastle ameeleza kwamba kila mtu ana kikomo chake cha mafuta anayoweza kuyabeba bila kudhurika. Ndiyo maana mtu wa mwili wa wastani anaugua, na jirani yake mnene hana tatizo. Sisi Waafrika inatubidi tuwahi zaidi: wataalamu wa Uingereza wanashauri tuanze kuchunguzwa tukiwa na uzito mdogo kuliko ule unaowatia Wazungu wasiwasi.

Habari njema ni kwamba kupungua kunasaidia. Katika utafiti wa DiRECT, uliofanyika Scotland na huku kwetu Tyneside kwa watu waliougua kwa muda usiozidi miaka 6, waliopunguza kilo 15 au zaidi, 86 kati ya kila 100 sukari yao ilitoka kwenye kiwango cha kisukari bila dawa baada ya mwaka mmoja. Na kwa wale ambao sukari imeanza tu kupanda, utafiti wa Marekani wa mwaka 2002 ulionyesha kuwa kulenga kupunguza asilimia 7 ya uzito, pamoja na mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, kulipunguza hatari kwa asilimia 58.

Sasa ombi langu. Sisi tunaojitazama kwenye kioo kila asubuhi hatuyaoni mabadiliko haya. Mnayaona nyinyi, mnaotukuta baada ya miaka. Basi tuambieni kwa upendo, faraghani: "Mwanangu, umeongezeka, umepima sukari?" Wali wa nazi tupakulieni sahani moja, msitulazimishe ya pili. Nanyi pia kumbukeni uzito wa ujana wenu, mpande mizani, na aliyeongezeka apimwe sukari kituo cha afya kabla hajala chochote.

Anayepungua kwa juhudi zake, mpeni moyo. Anayekonda bila kukusudia, huku ana kiu na anakojoa mara kwa mara, mpelekeni hospitali upesi. Na aliye kwenye insulini au vidonge vya sukari asijipunguzie chakula kabla ya kuongea na daktari wake.

Nataka wazee wetu wazeeke bila kisukari kuwanyang'anya macho na miguu yao, na sisi tuwakute.

Wenu katika mapenzi,
Ndugu yenu wa Newcastle