Anayeogopa Ndege Msimwite Mshamba

Kuna watu wa aina mbili nimechoka nao. Wa kwanza ni yule anayesikia mtu anaogopa kupanda ndege, akacheka na kumwita mshamba. Wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu amesoma: anakutolea takwimu. Ndege ni salama kuliko gari, kwa hiyo nyamaza upande. Wote wawili wamejaa hapa mpakani, Busia hadi Malaba, na leo naomba ndugu wasomaji mniruhusu niweke kando habari za seva na lugha za programu nimalizane nao.

Huyo wa ushamba nitamjibu haraka. Hofu ya ndege hapa Busia haikuletwa na sinema. Tarehe 24 Januari 2003, serikali ya NARC ikiwa haijamaliza hata mwezi mmoja, ndege iliyobeba mawaziri ilipaa kutoka uwanja wetu mdogo wa Busia, ikagonga nyaya za umeme na kuanguka. Walikuwa wanarudi Nairobi baada ya sherehe ya kumkaribisha nyumbani Moody Awori, mbunge wa Funyula. Waziri wa Leba, Ahmed Khalif, alifariki pamoja na marubani wawili. Wengine, wakiwemo Raphael Tuju na Linah Kilimo, walinusurika. Mtoto aliyekuwa darasa la tano mjini Busia siku hiyo leo ni mzazi. Unataka aogope nini, mamba?

Na haikuishia hapo. Marsabit, 10 Aprili 2006, watu 14 walikufa, wabunge wakiwa miongoni mwao. Douala, 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways, watu 114. Saitoti na Ojode, Juni 2012. Jenerali Ogolla, 18 Aprili 2024, ambaye kwao ni Siaya, jirani zetu hapa. Mwenye hofu ana kumbukumbu nzuri, basi.

Yangu mimi ilikuja kwa mlango mwingine. Miaka mingi nilipanda ndege na kulala kabla haijapaa. Kisha tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi ilianguka karibu na Bishoftu, dakika 6 baada ya kupaa. Walikufa watu 157, Wakenya 32 kati yao. Ilikuwa Boeing 737 MAX, sawa na ile ya Lion Air iliyoanguka Indonesia Oktoba 2018 na kuua 189. Ripoti ya awali ilitoka 4 Aprili 2019, nami nikaisoma kama ninavyosoma programu ya mtu mwingine.

Hebu tuieleze bila makuu. Ndani ya ndege ile kulikuwa na programu iitwayo MCAS, kazi yake kuinamisha pua ya ndege inapodhani imeinuka kupita kiasi. Ndege ina vihisi viwili vya kupima pembe hiyo, kimoja kila upande. MCAS ilisikiliza kimoja tu. Kihisi hicho kikisema uongo, programu inaamini. Rubani akiinua pua, programu inasubiri sekunde chache na kuinamisha tena, na tena. Marubani wengi hawakuwa hata wameambiwa kwamba programu hiyo ipo.

Mimi naandikia mawakala wa forodha programu za kufuatilia malori Malaba. Hakuna anayekufa programu yangu ikikosea. Lori linalala foleni siku moja zaidi na dereva ananitukana kwa simu. Lakini hata mimi siruhusu tarakimu ya mzigo ipite bila kulinganishwa na chanzo cha pili. Fikiria basi nilivyohisi. Nilijua programu zinavyoandikwa: Ijumaa jioni, tarehe ya kukabidhi kazi imepita, bosi amesimama nyuma ya kiti. Safari iliyofuata sikulala. Mikono ilitoa jasho kutoka Kisumu hadi Nairobi, na hiyo ni safari isiyofika hata saa moja.

Sasa njoo wewe mwenye takwimu. Kwanza, takwimu unayoitoa ni ya mashirika makubwa yenye ratiba. Ndege ya kukodi inayotua uwanja wa kijijini na helikopta ya kukimbilia matanga zina hesabu yake peke yake, nayo si nzuri hivyo. Ukichanganya yote kwenye wastani mmoja unamdanganya mtu, na mtu wa Busia anajua unamdanganya kwa sababu aliiona ile ya 2003. Pili, moyo hausomi jedwali. Mwambie mtu anayetetemeka kwamba uwezekano ni mmoja kwa mamilioni, atakuuliza: huyo mmoja ni nani?

Kilichonisaidia mimi ni kujua kilichotengenezwa. MAX zilizuiwa kuruka dunia nzima, na Marekani haikuziruhusu tena hadi Novemba 2020, baada ya programu kubadilishwa: sasa inalinganisha vihisi vyote viwili, inafanya kazi mara moja tu badala ya kurudia, na rubani ana nguvu kuishinda. Mtu yeyote anaweza kusoma haya. Nchi zinazofuata kanuni za usafiri wa anga za kimataifa zinatakiwa kutoa ripoti ya awali ndani ya siku 30, na lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kutafuta wa kufunga. Hakuna kampuni ya programu niliyowahi kufanya kazi nayo iliyoanika makosa yake hivyo.

Mengine ni ya mkono, chukua yakikufaa. Niliandika orodha ya sauti zote za ndege na sababu zake, kama faili la kumbukumbu la seva. Kishindo chini ya sakafu baada ya kupaa: magurudumu yanaingia. Injini kupunguza sauti muda mfupi baadaye, pale ambapo tumbo linadhani zimezima: rubani amepunguza nguvu kwa sababu ile ya kupaa haihitajiki tena. Bawa kupinda: limetengenezwa lipinde. Mwaka 2010 Boeing walilipinda bawa la 787 juu kiasi cha mita 7 na nusu hivi, kwa mzigo mara moja na nusu ya mkubwa kabisa unaotarajiwa, na halikuvunjika. Napanda ndege ya asubuhi, kwa sababu kwetu huku karibu na ziwa mawingu ya radi hujengeka mchana. Nakaa karibu na bawa, mtikisiko ni mdogo hapo. Natoa pumzi polepole kuliko ninavyoivuta. Hofu haijaisha, ila sasa inakaa kiti chake nami changu.

Lakini hasira yangu kubwa iko chini, barabarani. Hapa ndipo bodaboda ilipozaliwa, baiskeli zikivusha watu kutoka boda hadi boda (mtu wa Busia na wa Malaba kila mmoja atakuapia ni kwao). Kila jioni mabasi yanaondoka hapa kwenda Nairobi usiku kucha. Yanayopitia Eldoret yanakutana na Salgaa na Sachangwan. Yanayopitia Kisumu yanapita Londiani. Sachangwan lori la mafuta liliwaka mwaka 2009, zaidi ya watu 100 wakafa. Migaa, 31 Desemba 2017, watu 36. Londiani, 30 Juni 2023, lori liliua 52. Kila mwaka barabara za Kenya huua zaidi ya watu 4,000. Niletee ripoti. Kihisi gani kilikosea? Breki zilikaguliwa lini? Dereva alikuwa amelala saa ngapi? Utapata rambirambi, amri ya polisi ya wiki mbili, na "mapenzi ya Mungu".

Kwa hiyo ukimwambia mama anayeuza nguo Busia kwamba apande ndege kwa kuwa barabara inaua zaidi, umesema kweli na umemkwepa. Nauli ya ndege hana. Takwimu yako inamwambia tu kwamba atakufa kwa njia ya kawaida. Mdai NTSA kwanza: kila ajali iliyoua watu zaidi ya 10 iwe na ripoti ya kiufundi, itolewe kwa siku 30 kama ya ndege, iwekwe mtandaoni bure, kwa Kiswahili.

Mwezi uliopita nilijaribu mwenyewe. Nilikwenda kwenye ofisi ya basi moja hapa mjini, nikamuuliza karani dereva wa saa mbili usiku amepumzika tangu saa ngapi. Aliniangalia, akaangalia foleni nyuma yangu.

"Ndugu yangu, unakata tiketi ama hukati?"