Lillard na Holiday: Fumbo la mchezeshaji anayehamia timu mpya

KATIKA muda usiotimia juma moja mwaka wa 2023, wachezeshaji wawili mahiri wa ligi ya mpira wa vikapu ya NBA nchini Marekani walibadilisha jezi, na matokeo yake yamebaki kuwa somo kwa kila kocha na kila mmiliki wa klabu.

Mnamo Septemba 27, Damian Lillard aliihama Portland Trail Blazers, timu aliyoichezea kwa misimu 11, na kujiunga na Milwaukee Bucks. Ili kumpata, Bucks ilikubali kuwaachilia Jrue Holiday na Grayson Allen. Holiday naye hakupata hata muda wa kufungua mizigo yake Portland. Oktoba 1 alikabidhiwa Boston Celtics, nayo Portland ikapokea Malcolm Brogdon, Robert Williams na haki mbili za kuteua chipukizi katika raundi ya kwanza.

Wote wawili walikuwa na umri wa miaka 33. Ukiwapima kwa mizani ya alama, hapakuwa na ushindani. Lillard alikuwa ametoka kumaliza msimu kwa wastani wa alama 32.2 kwa kila mechi, na Februari mwaka huo aliifunga Houston Rockets alama 71 katika mechi moja. Wastani wa Holiday ulikuwa alama 19.3. Haikuwa ajabu basi kwamba mashabiki wengi waliiona Milwaukee kuwa imelamba asali.

Mnamo Juni 17, 2024, Holiday alikuwa uwanjani Boston akisherehekea ubingwa. Lillard alikuwa nje ya mashindano tangu mwanzoni mwa Mei, Bucks ikiwa imetemwa na Indiana Pacers katika raundi ya kwanza ya mchujo.

Je, ilikuwaje aliyefunga alama chache ndiye aliyeifaa timu yake zaidi?

Mpira mmoja, watu watano

Kwa msomaji aliyezoea soka, mchezeshaji katika mpira wa vikapu ni mithili ya kiungo wa kati. Yeye ndiye anayepanda na mpira, anayesoma jinsi wapinzani walivyojipanga na anayeamua nani aupate na aupatie wapi. Ila kuna tofauti kubwa. Katika soka, tabia ya mchezaji mmoja inaweza kufichwa na wenzake kumi. Katika vikapu wako watano tu, na timu ina sekunde 24 za kurusha mpira kikapuni. Mtu mmoja akiushika kwa sekunde 15, wanne waliobaki hugeuka watazamaji.

Kwa sababu hiyo, mchezeshaji mpya haongezwi juu ya timu kama chumvi kwenye mchuzi. Kuingia kwake kunabadilisha kazi ya kila mmoja aliyemkuta, na kuondoka kwa yule aliyempisha kunaacha pengo ambalo huenda halionekani katika takwimu.

Hesabu ya Milwaukee

Katika karatasi, hesabu ya Bucks ilikuwa safi. Giannis Antetokounmpo angesimama kama kizuizi dhidi ya mlinzi wa Lillard. Wapinzani wakimfuata Lillard wawili wawili, Giannis angebaki huru kuelekea kikapuni. Wakimzingira Giannis, Lillard angerusha kutoka mbali, jambo ambalo ni wachache duniani wanaolifanya vyema kuliko yeye.

Mwanzo ulikuwa wa kutia moyo. Katika mechi yake ya kwanza, Lillard alifunga alama 39 na Bucks ikaishinda Philadelphia 76ers 118-117. Lakini mazoea yana taabu. Kwa miaka mingi Giannis alikuwa amezoea kupanda na mpira mwenyewe na kuvamia kikapu kwa kasi, badala ya kuwa kizuizi cha mwenzake. Lillard naye, kwa misimu 11, alikuwa amezoea kila shambulizi lianzie mikononi mwake. Mara nyingi walicheza kwa zamu: huyu akishambulia, yule anasubiri.

Hata hivyo, kidonda hasa kilikuwa upande wa ulinzi. Mfumo wa Bucks ulimjenga mlingoti wao, Brook Lopez, mwenye urefu unaozidi mita 2.10, kama mlinda lango anayebaki karibu na kikapu. Mfumo huo hufaulu iwapo tu mlinzi wa mbele anapenya vizuizi na kuendelea kumkaba mwenye mpira kutoka nyuma, ili asipate nafasi ya kurusha kwa utulivu. Kazi hiyo ngumu, isiyo na shangwe, ndiyo iliyokuwa ya Holiday. Ni yeye aliyempokonya Devin Booker mpira katika dakika ya mwisho ya mechi ya tano ya fainali ya 2021 dhidi ya Phoenix Suns, akamrushia Giannis aliyeutia kikapuni. Milwaukee ilitwaa taji katika mechi iliyofuata, lake la kwanza tangu 1971.

Lillard, mwenye urefu wa mita 1.88 na aliyebeba mzigo wa mashambulizi maisha yake yote ya ligi, hakuwahi kusifiwa kwa ukabaji. Allen alikuwa ameondoka pia, na nafasi ya pili ya mbele akapewa Malik Beasley, ambaye sifa yake ilikuwa ni kurusha. Ukuta wa mbele ukabomoka, na Lopez akabaki peke yake na mafuriko.

Kocha Adrian Griffin, aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza kama kocha mkuu, alijaribu kumsogeza Lopez mbele ili kuziba ufa huo. Jaribio halikudumu. Isitoshe, msaidizi wake Terry Stotts, aliyekuwa kocha wa Lillard kule Portland kwa miaka tisa, alijiuzulu kabla ya msimu kuanza, na pamoja naye ikaondoka daraja muhimu la kumwingiza mgeni katika mfumo. Januari 2024 Griffin alitimuliwa akiwa ameshinda mechi 30 na kupoteza 13. Mrithi wake, Doc Rivers, alimaliza msimu wa kawaida kwa kushinda 17 na kupoteza 19.

Boston na mtu wa kona

Celtics ilikuwa na tatizo la aina nyingine. Ilikuwa na wafungaji tele: Jayson Tatum, Jaylen Brown na Kristaps Porzingis, aliyewasili Juni 2023 katika mabadilishano yaliyomwondoa Marcus Smart, roho ya ulinzi wa timu hiyo. Pembeni mwao alikuwapo Derrick White, ambaye pia anaweza kuchezesha. Kikosi cha namna hiyo hakikuhitaji mtu mwingine wa kuushika mpira. Kilihitaji mtu wa kukubali kuukosa.

Holiday alikubali. Wastani wake ulishuka hadi alama 12.5. Kocha Joe Mazzulla alimweka mara nyingi katika kona ya uwanja, mbali na mpira, naye akageuka kuwa mrushaji wa kutegemewa: asilimia 42.9 ya mitupo yake ya alama tatu iliingia msimu huo. Katika ulinzi, alipewa kumkaba yeyote, kuanzia wachezeshaji wepesi hadi majitu yaliyomzidi kimo, jambo lililowapa wenzake uhuru wa kukaa karibu na kikapu.

Boston ilishinda mechi 64 na kupoteza 18. Katika fainali ya ukanda wa Mashariki dhidi ya Indiana, mechi ya tatu, Celtics ikiongoza kwa alama moja katika sekunde za mwisho, Holiday alimpokonya Andrew Nembhard mpira na kuzima matumaini ya wenyeji. Katika mechi ya pili ya fainali ya ligi dhidi ya Dallas Mavericks, ambapo nafasi za kufunga zilimjia, alifunga alama 26. Boston ilishinda fainali hiyo 4-1 na kutwaa taji lake la 18.

Utetezi wa Milwaukee

Haki inadai upande wa pili usikizwe. Bahati haikuwa rafiki wa Bucks. Giannis aliukosa mchujo wote wa 2024 kwa jeraha la shavu la mguu, na Lillard mwenyewe akakosa mechi mbili kati ya sita. Mwaka uliofuata, baada ya timu kutwaa Kombe la NBA Desemba 2024, Lillard aligundulika kuwa na damu iliyoganda katika mshipa wa mguu. Alirejea wakati wa mchujo, tena dhidi ya Indiana, na Aprili 27, 2025 akakatika ukano wa kisigino.

Pia, mabadilishano yale hayakufanywa kwa ajili ya uwanja pekee. Kabla ya Lillard kuwasili, Giannis alikuwa amedokeza hadharani kwamba hangeongeza mkataba bila kuhakikishiwa kuwa klabu ina njaa ya ubingwa kama yeye. Majuma machache baada ya Lillard kutua, aliweka sahihi nyongeza ya miaka mitatu yenye thamani ya dola milioni 186. Klabu ya mji mdogo inayochelea kumpoteza nyota wake haina anasa ya kusubiri mchezaji anayeoana na mfumo. Kwa kipimo hicho, Bucks ilipata ilichokitafuta.

Lakini utetezi huo haufuti hoja ya msingi. Kabla ya majeraha hayo yote, Januari 2024, timu ilikuwa tayari imeshamfuta kocha huku ikiwa na ushindi mara 30. Klabu haimtimui kocha wa namna hiyo isipokuwa imeona nyufa ambazo jedwali la ligi halizionyeshi.

Si bure pia kwamba Indiana, iliyoing'oa Milwaukee mara mbili mfululizo, ilikuwa ikiongozwa na mchezeshaji mwingine aliyepatikana kwa mabadilishano. Tyrese Haliburton aliletwa kutoka Sacramento Kings Februari 2022, na Pacers ikawatafuta wenzake wa kukimbia naye badala ya kumlazimisha kuishi kwa mazoea ya waliomtangulia. Mwaka wa 2025 alifika nayo fainali ya ligi.

Bili ya mwisho

Kiangazi cha 2025 kiliwakutanisha wawili hao mahali pasipotarajiwa. Tatum alikuwa ameumia kisigino mwezi Mei, na Boston, ikilemewa na gharama za mishahara, ikamtoa Holiday kwa Portland na kumpokea Anfernee Simons. Milwaukee nayo ilivunja mkataba wa Lillard akiwa bado anauguza jeraha, na Julai akarejea Portland kwa mkataba mpya wa miaka mitatu wa dola milioni 42. Hivyo mchezeshaji aliyenunuliwa na yule aliyetolewa ili anunuliwe wakajikuta katika klabu moja.

Tofauti iko katika vitabu vya hesabu. Boston iliagana na Holiday ikiwa na kombe kabatini. Bucks ilibaki ikimdai Lillard muda na yeye akiidai fedha: takriban dola milioni 113, ambazo klabu iliamua kuzigawa kwa miaka mitano. Hadi msimu wa 2029-30, zaidi ya dola milioni 22 kila mwaka zitahesabiwa katika mishahara ya Milwaukee kwa ajili ya mtu anayevaa jezi ya Portland.