Njia Rahisi kwa Nani?

Mhariri aliniomba hadithi fupi. Nimemletea ugomvi. Riwaya yangu ipo, imefika daftari la tatu, na itangoja. Jambo hili halingoji. Limenikaa kooni tangu Juni 2022 na wenzangu wa kijiweni wamechoka kulisikia, basi ngoja walisome.

Sisi vijana wa Lushoto tuna kazi ambayo wazazi wetu hawakuwa nayo: kuwatembeza wageni kwa baiskeli. Mgeni anatoka Dar, au Arusha, au Ulaya huko, anashuka Mombo, anapandishwa kona kwa kona kilometa thelathini na kitu mpaka Lushoto, na kesho yake anataka kuteremka milima ya Usambara juu ya magurudumu mawili. Tunamkodishia baiskeli ya gia, tunamvisha helmeti, halafu tunamwuliza swali moja tu: "Unajua kuendesha?" Akisema najua, safari imeanza.

Swali hilo ndilo ninalogombana nalo. Ni swali la kijinga, mnisamehe. Kila mtu aliyewahi kumpakia mdogo wake kwenye keria anajua kuendesha. Linaloulizwa linapaswa kuwa lingine: unajua kuendesha wapi? Na kabla ya kumwuliza mgeni hivyo, sisi wenyewe tujue huko wapi tunakompeleka kukoje. Hatujui. Tunazo njia zaidi ya ishirini tunazopita, kutoka kingo za msitu wa Magamba mpaka mabondeni, na zote tunaziita jina moja: rahisi.

Niseme yaliyonikuta. Mwezi huo wa Juni nilimwongoza dada mmoja, mwanafunzi wa chuo kutoka Dar es Salaam. Barabarani alikuwa mzuri kuliko mimi, kwenye kupanda alinikimbia. Tulipofika pale njia inapoingia kwenye miti akasimama, akaniuliza, "Kaka, hii ni rahisi kweli?" Nikamjibu, "Rahisi tu dada, watoto wa shule wanapita kila siku."

Sikusema uongo. Watoto wa shule wanapita kweli, ila wanapita kwa miguu.

Kilometa 2 za mwanzo zilikuwa starehe tupu. Udongo mwekundu mgumu, kivuli, njia pana. Akaanza kuniamini, akaachia breki. Halafu kuna kona ya kushoto ambapo njia inabana ghafla: juu ukuta wa udongo, chini shamba la kabichi la mtu, na katikati mzizi na mawe matatu yaliyopangana kama ngazi. Mimi nikapita, maana nimepita pale mara mia. Nyuma yangu nikasikia breki inalia, halafu kishindo.

Mtulinga ulivunjika. Mama mmoja aliyekuwa amejitwika kuni aliutua mzigo wake, akaja kunisaidia kumtoa kwenye kabichi. Akaniangalia akasema, "Mwanangu, ulimwambia mwenzio kwamba huku kuna mawe?"

Sikuwa nimemwambia.

Kijiweni walinifariji kwa namna yao. Eti ajali kazini. Eti watu wa Dar ni wa lami. Mmoja akamalizia kwamba njia ni njia bwana, mwenye kuogopa abaki hotelini akanywe chai. Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Leo nawajibu.

Mnasema kupima njia ni mambo ya kizungu. Haya, tuwatazame hao Wazungu. Oktoba 1976 huko California, karibu na mlima Tamalpais, vijana walianza kushindana kuteremka barabara ya vumbi kwa mabaiskeli mazito ya zamani, yale ambayo breki yake imo ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Wakifika chini kitovu kinafuka moshi, grisi imeungua yote, inabidi kukifungua na kupaka nyingine. Ndiyo maana mteremko ule wakaupa jina la Repack, yaani kupakia upya. Hao nao walikuwa watu wa "njia ni njia" kama nyinyi, na vyuma vyao havikupishana sana na Phoenix ya babu yangu. Lakini hawakubaki hapo. Mchezo ulipokua wakaona watu wanaumia bure, na chama cha kimataifa cha waendesha baiskeli za milimani, IMBA, kikaazima alama za watu wanaoteleza kwenye theluji, kikazitia vipimo.

Vipimo vyenyewe havihitaji digrii. Mimi nimeishia kidato cha nne na nimevielewa. Duara la kijani ni njia isiyopungua upana wa sentimeta 90, mteremko wake wa wastani hauzidi asilimia 5, na kama kuna jiwe au mzizi usioweza kuukwepa basi hauzidi sentimeta 5. Mraba wa buluu: upana wa sentimeta 60, wastani wa asilimia 10, kizuizi cha sentimeta 20. Almasi nyeusi: upana wa sentimeta 30, asilimia 15, na kizuizi kinaweza kufika sentimeta 38. Zaidi ya hapo ni almasi mbili, na huko kila mtu na roho yake. Hiyo asilimia isikutishe, msomaji. Asilimia 10 ni kwamba ukienda mbele mita 10 umeshuka mita 1. Kamba, rula, na chupa ya soda yenye maji nusu ya kukuonyesha kama kamba imelala sawa, umeshapima.

Nilirudi pale kwenye kona na rula ya mdogo wangu wa shule. Jiwe la kati: sentimeta 41.

Piga hesabu mwenyewe. Njia niliyoiita rahisi, mahali pale, haikuwa ya kijani, wala ya buluu, wala hata ya almasi moja. Na hapa ndipo ninapoachana kidogo hata na hao wenye vipimo, kwa sababu wastani unadanganya. Ukichukua mteremko wa njia ile yote ukaugawanya, inatoka njia ya bibi kizee kwenda kanisani. Mtu haangukii kwenye wastani. Anaangukia kwenye kona moja. Kwa hiyo nasema njia ipewe rangi ya mahali pake pabaya kuliko pote, pale pasipokwepeka, hata kama ni hatua tano tu katika kilometa 6.

Wajenzi wazuri wa njia wana mtindo ninaoupenda mno. Njia ikiwa ngumu, wanaweka kigumu chake mlangoni. Unaingia tu, hatua chache, unakutana na jiwe la kuruka au ubao mwembamba wa kupita juu yake. Ukiweza, endelea, huko mbele hakuna kibaya zaidi ya hicho. Ukishindwa, umeshindwa ukiwa bado karibu na barabara, unageuza, hakuna aliyekucheka. Ni kama chujio la chai. Njia yangu ilikuwa kinyume: sukari mlangoni, sumu ndani. Kilometa 2 za kumfundisha mtu kutoogopa, halafu ndipo mawe. Afadhali hata ingekuwa mbaya tangu mwanzo, yule dada angeshuka akasukuma.

Wapo watakaosema, basi yang'olewe yale mawe, yamekwisha. Baada ya ajali hilo ndilo lililopendekezwa, na mtu alikwishakwenda kutafuta mtarimbo. Nilimzuia na narudia kumzuia hapa. Kwanza, njia iliyosafishwa ni njia ya kasi. Jiwe lile lilikuwa linamlazimisha mtu apunguze. Ukiliondoa, anayekuja anaifikia ile kona mbio, na kabichi ziko palepale. Pili, mvua. Sisi ni watu wa milimani, tunajua maji yanafanya nini yakipata njia iliyonyooka kuteremka. Mawe yale yanashika udongo. Wanaojua kuchonga njia wana kanuni kwamba mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa mlima inaoukata, la sivyo maji yataifuata njia badala ya kuikatiza, na baada ya masika mawili huna njia, una korongo. Na anayeanza ndiye anayeharibu haraka: anaogopa breki ya mbele, anabana ya nyuma peke yake, gurudumu linajifunga na kuburuta, linachimba mfereji. Ukimpeleka asiyejua kwenye mteremko mkali unamvunja yeye na unauvunja mlima.

Tatu, na hili wenzangu hawakulitegemea kutoka kwangu: wapo wanaoyataka yale mawe. Mimi mmojawapo. Ukiwa umejifunza, ukashuka ngazi ile bila kukanyaga chini, mikono inatetemeka, unapiga kelele peke yako msituni kama mwendawazimu. Kwa nini niporwe hiyo kwa sababu nilimdanganya mtu? Kosa lilikuwa langu, si la jiwe. Dawa yake ni kumchongea anayeanza njia yake, nzuri, yenye kona za kuchezea na vivuli na mahali pa kupumzika, si ile barabara ya magogo tunayompa kama adhabu. Halafu ngumu ibaki ngumu. Mlima unatosha.

Sasa hao wajuzi ni akina nani? Maana nimegundua kijiweni tunapanga watu kwa baiskeli zao. Mwenye shokapu mbele na nyuma na breki za diski ni mjuzi. Mwenye Phoenix hayumo kabisa kwenye hesabu. Jamani. Nimemwona mzee anashuka kutoka juu na magunia mawili ya kabichi kwenye keria, breki moja ya vyuma iliyochoka na nyingine ni soli ya kandambili anayoikandamiza kwenye tairi. Kule Goma, Kongo, watu wanateremsha mizigo ya kutisha kwa chukudu, kitu cha mbao cha magurudumu mawili kisicho hata na pedeli, na mji umekijengea sanamu. Utamwambia mtu huyo aanzie kwenye duara la kijani? Lakini na yeye mzee wetu ukimpeleka juu ya ubao mwembamba uliotundikwa kati ya miti miwili, atakuuliza kama una akili timamu. Ustadi wake ni wa aina yake. Ndiyo sababu nasema rangi iwe ya njia, isiwe ya mtu. Tukianza kuwabandika watu rangi, mwenye pesa atajipaka nyeusi siku ya kwanza.

Halafu rangi peke yake haitoshi. Uingereza wana kijani, buluu, nyekundu, nyeusi. Marekani hiyo nyekundu haimo. Mgeni wa huku na wa kule watasoma kibao kimoja wasielewane. Na kijana wa Soni ambaye hajawahi kuona hata kimoja kati ya hivyo asome nini? Tuandike maneno, na yawe ya Kiswahili, makubwa. NJIA INABANA. KUNA NGAZI YA MAWE BAADA YA KONA. SHUKA USUKUME KAMA HUJAWAHI. Kiingereza kifuate chini yake kwa herufi ndogo, kitavumilia.

Wazee wanaopinga nawaelewa zaidi kuliko ninavyowaelewa vijana wenzangu. Mzee akiona mtu na kamba anapima mteremko anakumbuka mengine. Miaka ya 1950 serikali ya mkoloni iliwalazimisha Wasambaa kuchimba matuta kwenye milima hii hii, na watu walikataa mpaka mpango ukafa. Hawakukataa kwa kuwa hawakujua udongo. Waliujua kuliko bwana shamba. Walikataa kuamriwa juu ya ardhi yao na mtu asiyewauliza. Basi na sisi tusirudie. Njia hizi hazikuchongwa kwa ajili ya baiskeli. Ni za akina mama wa kuni, za watoto wa shule, za mbuzi. Kibao cheusi kisije kikawa cha kumfukuza mama aliyeutua mzigo wake kunisaidia. Yeye ana haki ya kwanza, mwenye baiskeli asimame, ashuke, asalimie. Nimewaona baadhi yetu wanapiga kengele tangu mbali kama polisi wa msafara, mama mwenye mtoto mgongoni anaruka kwenye miiba. Aibu.

Najua hoja ya mwisho iliyobaki mfukoni mwenu, mnaiona kubwa: tukiandika kwamba njia ni ngumu, wateja watakimbia. Yule dada alilipa siku tatu, alitumia nusu siku. Siku mbili na nusu nilimrudishia, nikakopa nauli ya kumsindikiza. Hesabu hiyo mliwahi kuifanya?

Alinipigia simu mwezi wa nane. Bega limepona, akauliza kama ile njia bado ipo na kama kuna nyingine ya kuanzia kabla ya kuirudia ile. Nilikaa kimya, maana sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nimepima njia 7, jioni jioni, mimi na mdogo wangu na kamba yetu. Mbili ni za kijani kweli, moja ilihitaji kusogezwa hatua kumi tu ikwepe gema. Tatu ni za buluu. Mbili nyeusi, pamoja na ile. Mbao za vibao fundi seremala kanipa masalia bure. Serikali ya kijiji imetaka niwapelekee ombi kwa maandishi, na mwenyekiti ameniambia niandike kwa kifupi, nisiandike kama riwaya.