Minova: Kinu kimekufa, musisingizie vita

Hapa Minova kinu cha mahindi kikisimama, wa kwanza kuumia ni akina mama wahami wa vita. Juma hili nimewakuta tena na mabeseni yao mbele ya mulango uliofungwa. Mumoja alirudi kuchemshia watoto mahindi mazima. Mwenye kinu akaniambia: "Ni vita, ndugu mwandishi. Njia ni mbaya, vipuri hakuna."

Hapana! Nimeiona hiyo beringi, ile mafundi wetu wanaita roulement. Goroli zimekuwa nyeusi kwa moto, grisi imekauka na kushikana na unga kama udongo. Hiyo si kazi ya usiku mumoja. Kijana anayesaga amekiri kwamba mashine ililia majuma mawili, naye bosi akajibu: "Si inazunguka? Iache." Ni vita gani iliyomukataza kuizima dakika 20?

Tunachodai ni kidogo: siku moja ya juma ijulikane, tuseme Jumatatu asubuhi, kabla ya kuwasha. Fundi ashike puli na kuitikisa. Ikicheza, beringi imekwisha. Apime mukanda, kwa maana wengi wanaukaza kupita kiasi ili unga utoke mbio, kumbe mukanda ukivuta sana ndio unaoua beringi. Afute vumbi la unga, atie grisi kiasi. Kiasi, nasema, kwani hata kuijaza pomoni kunaipasha moto. Siku zingine, kisha saa moja ya kazi, azime na aguse kifuniko chake. Mukono ukishindwa kutulia pale, asiwashe tena mbele ya kujua sababu. Yote aandike kwa daftari, pamoja na tarehe.

Wanasema feza ya grisi haiko. Na ile tunayolipa kwa kila beseni inaenda wapi? Beringi ikikwama inakula na shafti, na hapo bosi atalipa mara mbili: beringi mupya, na fundi wa kuchonga chuma. Sisi tutalipa kwa njaa.

Wajumbe wa wahami, ninyi munaketi na wenye vinu kupanga bei ya kusaga. Mukutano ujao, mbele ya kukubali bei yoyote, muombe kwanza kuona daftari la beringi. Kama haliko, bei isipande hata franka moja.