TAA ZA BREKI SI PAMBO LA GARI

BARABARA kuu itokayo Shinyanga mjini kwenda Tinde hupita Samuye. Katika ukanda huo mmoja wa lami hukutana basi la abiria litokalo Mwanza, lori lililosheheni pamba, gari dogo ambalo wananchi wamelibatiza jina la mchomoko, pikipiki ya bodaboda na baiskeli iliyobeba gunia la mkaa. Huko mbele, penye njia panda ya Tinde, hujiunga na malori yatokayo Nzega kuelekea Isaka, Kahama na mpaka wa Rwanda. Kila mmoja wa watumiaji hao ana haki ya kufika aendako akiwa mzima.

Dereva wa basi au wa lori aliyekuwa akienda kilomita 80 kwa saa anatakiwa na sheria ashuke hadi kilomita 50 aingiapo penye makazi ya watu. Hushuka kwa kukanyaga breki. Aliye nyuma yake hana njia nyingine ya kulijua jambo hilo upesi isipokuwa kwa taa nyekundu zinazowaka mkiani mwa gari lililomtangulia. Taa hizo ndizo kauli ya dereva kwa mwenzake: "Napunguza mwendo, nawe punguza." Gari ambalo taa zake za breki hazifanyi kazi ni gari bubu. Bahati mbaya magari ya namna hiyo ni mengi mno katika barabara zetu, na hasa yale yaliyokwisha kuwa makuukuu.

Wako watu wanaolidharau jambo hili. Husema gari linakwenda, breki zinashika, basi balbu moja ina uzito gani? Na wafanye hesabu. Gari lendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa kila sekunde moja. Dereva aliye nyuma akichelewa sekunde moja tu kutambua kwamba wa mbele anasimama, atakuwa amekwisha kula mita 22 kabla mguu wake haujagusa pedali. Huo ni urefu unaozidi Hiace nne zilizopangwa moja nyuma ya nyingine. Hapo ndipo ulipo uzito wa balbu moja.

Usiku wa Agosti 8, 2022, huko Mwakata, wilayani Kahama, ajali iliyohusisha magari kadhaa na trekta ilipoteza maisha ya watu wapatao 20. Hatusemi kwamba chanzo chake kilikuwa taa ya breki. Tunasema kwamba msiba ule uliwaonyesha wananchi wa mkoa huu jinsi vyombo vya mwendo wa haraka na vya mwendo wa polepole vinavyogawana barabara moja gizani, na jinsi ilivyo lazima kila chombo kionekane na kieleweke kwa kile kinachokifuata.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Methali hiyo ina hekima yake, kwani yako mambo yasiyotabirika. Lakini imegeuzwa kuwa blanketi la kuufunika uzembe. Tairi likipasuka kwa msumari uliolala barabarani, hiyo ni ajali. Taa ya breki ambayo haijawaka tangu mwezi uliopita, na dereva anajua, na mwenye gari anajua, na utingo anajua, hiyo si ajali. Huo ni uamuzi wa watu wazima wenye akili timamu, nao wanapaswa kuulizwa.

Wala kisingizio cha umaskini hakitoshi. Ulikuwako wakati katika nchi hii, baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, ambapo spea zilikuwa adimu kweli kweli na mwenye gari aliweza kuzunguka mikoa miwili akitafuta kifaa kidogo. Wakati huo mafundi wetu walionyesha ubingwa wa kujitegemea na magari yakaendelea kutembea. Leo balbu na fyuzi zinauzwa katika kila mji mdogo penye duka la vipuri, na bei yake ni ndogo kuliko ya lita chache za mafuta. Aliyemudu kujaza tangi la gari lake amemudu kununua balbu.

Pengine linalokosekana ni maarifa. Madereva wengi wanaamini kwamba umeme wa gari ni uchawi wa mafundi peke yao. Sivyo. Njia ya taa za breki ni mojawapo ya njia nyepesi kuliko zote katika gari. Umeme hutoka kwenye betri, hupita katika fyuzi, huingia katika swichi ndogo iliyo juu ya pedali ya breki, huenda nyuma hadi kwenye balbu, kisha hurudi kwenye betri kwa kupitia bodi ya gari. Pedali ikikanyagwa swichi hufunga njia na taa huwaka. Ikiachwa, taa huzimika. Hitilafu lazima iwe mahali fulani katika safari hiyo fupi, na mwenye kuitafuta kwa utaratibu ataipata.

Kwanza, mtu mmoja akanyage pedali na mwingine asimame nyuma atazame. Kama taa ya upande mmoja tu ndiyo isiyowaka, basi fyuzi na swichi ni nzima, maana upande wa pili umepata umeme. Kosa litafutwe kwenye balbu ya upande ule, kwenye kikalio chake, au kwenye waya wake. Kama hazikuwaka zote, hata ile ya tatu iliyo juu kwenye kioo cha nyuma, si rahisi balbu zote ziungue siku moja. Hapo ianze kutazamwa fyuzi, kisha swichi ya pedali. Na kama ile ya juu inawaka lakini mbili za chini zimekufa, swichi isisumbuliwe: ama balbu zote mbili zimeungua moja baada ya nyingine bila mtu kujali, ama waya umekatika baada ya njia kugawanyika.

Balbu ya nyuma katika magari mengi ina nyuzi mbili ndani yake. Mmoja ni wa wati 5, wa taa ya usiku. Wa pili ni wa wati 21, wa breki. Kwa hiyo dereva asijidanganye kwamba taa zake ni nzima kwa sababu ameziona zikiwaka usiku. Uzi wa usiku waweza kuwa hai na wa breki ukawa umekwisha kukatika. Tena balbu hiyo ina vipini viwili visivyolingana kimo, ili iingie kwa namna moja tu. Anayeilazimisha iingie kinyume, au anayebandika balbu ya uzi mmoja mahali pa balbu ya nyuzi mbili, huvuruga njia zote mbili.

Katika mikoa yetu adui mkubwa ni vumbi na maji. Gari linalopita barabara za vumbi za machimbo ya Kakola na Geita wakati wa kiangazi, kisha likanyeshewa masika, hujaa udongo ndani ya taa zake, na kikalio cha balbu huota kutu ya kijani. Dawa yake ni msasa laini na kitambaa kikavu, kisha kuziba ufa wa kioo cha taa. Ipo pia dalili ambayo wengi huiona wasiielewe: breki ikikanyagwa, taa ya usiku hufifia, au indiketa huwaka kidogo kidogo. Hiyo maana yake ni kwamba njia ya umeme kurudi kwenye bodi imeharibika, na umeme unatafuta upenyo kwa kupitia nyuzi za jirani. Kununua balbu mpya hakutaponya. Ule waya wa hasi uliofungwa kwenye bodi ufunguliwe, usuguliwe hadi chuma king'ae, ufungwe tena kwa nguvu.

Ikiwa ni swichi ya pedali, yenyewe ni ya kuipima kwa urahisi. Fundi akiunganisha nyaya zake mbili kwa muda mfupi, na taa zikawaka, basi swichi ndiyo mgonjwa. Mara nyingine haijafa, bali imesogea tu na pedali haiifikii sawasawa. Upo pia ugonjwa wa kinyume chake: taa zinawaka muda wote hata gari likiwa limeegeshwa. Katika magari makuukuu, kipande kidogo cha plastiki kinachoisukuma swichi huzeeka na kuvunjika. Gari hilo litamaliza betri usiku kucha; na likiwa barabarani ni hatari sawa na lisilo na taa, kwani taa isiyozimika haimwambii mtu chochote.

Hapa hatuna budi kulaani desturi moja mbaya. Fyuzi ikiungua, wako wanaoweka kipande cha waya au karatasi ya fedha ya sigara, ama fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa kwenye kifuniko. Fyuzi imewekwa iungue yenyewe ili waya usiungue. Ikiungua tena baada ya kubadilishwa, gari linasema kwamba upo waya uliochubuka na unagusa chuma. Anayeinyamazisha fyuzi kwa kipande cha waya analeta moto ndani ya gari lenye abiria na mafuta. Vilevile kioo cha taa kilichopakwa rangi nyeusi kwa ajili ya urembo, na zile balbu za bei rahisi ambazo mwanga wake wa usiku na wa breki haupishani, ni urembo unaoweza kuua.

Kwa upande wa matela ya malori na matrekta, ukaguzi ufanywe kila linapofungwa tela jipya. Plagi inayopeleka umeme kutoka kichwa hadi tela hulegea na kujaa uchafu. Dereva huona taa za kichwa chake ni nzima, kumbe tela la nyuma, ambalo ndilo lionwalo na watu, limezima kabisa.

Sasa tuje kwenye wajibu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hairuhusu chombo kibovu kuendeshwa barabarani, na haikusema kwamba chombo kikuukuu kina msamaha. Dereva ana wajibu wa kukagua taa zake kila asubuhi kabla ya kupakia abiria. Hana msaidizi? Na airudishe gari karibu na ukuta, akanyage breki, atazame kama wekundu unaonekana ukutani. Kazi hiyo haichukui hata dakika moja.

Lakini si haki lawama zote zimwangukie dereva. Wako wamiliki wanaodai hesabu kamili kila jioni, wasitoe hata senti ya matengenezo, na dereva akisema taa zimekufa hujibiwa kwamba wako wengine wanaoitaka kazi hiyo. Mmiliki wa namna hiyo anachuma faida kwa roho za watu. Sheria inapomfikia dereva, imtafute na yeye.

Jeshi la Polisi, Kikosi cha Usalama Barabarani, linafanya kazi ngumu nasi tunalipongeza. Hata hivyo tunasema bila kuficha: kumtoza dereva faini na kumwacha aendelee na safari huku taa bado zimekufa, ni kuliadhibu kosa na kuiacha hatari. Gari lizuiliwe hadi balbu ibadilishwe mbele ya askari. Na stika ya ukaguzi katika Wiki ya Nenda kwa Usalama isichukuliwe kuwa kinga ya mwaka mzima. Inathibitisha hali ya gari siku ile lilipokaguliwa, basi.

Matawi na mashina ya Chama yaliyo kando ya barabara hii, pamoja na vyama vya madereva na bodaboda, yanaweza kuanzisha siku ya ukaguzi wa hiari penye stendi na magulio. Chuo cha VETA mjini Shinyanga kina walimu na vijana wa ufundi ambao wangefaidika kwa kufanya mazoezi katika kazi yenye manufaa kwa umma. Mafundi wa kando ya barabara nao wahimizwe kutomruhusu mteja aondoke bila kumwambia hali ya taa zake, hata kama alikuja kwa ajili ya tairi.

Abiria naye ana sauti. Anayelipa nauli ana haki ya kuuliza kabla ya kupanda, na asione haya kushuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa huu unazibwa kwa balbu moja, msasa kidogo na dakika chache za kazi.