Mkojo hautasema kilicho kooni

Mlipatana Buruburu, mkakubaliana mambo yaishie mdomoni. Hakuna mimba, kwa hivyo hakuna kondomu. Jumatatu ukapima Ukimwi, ukaambiwa uko sawa, ukajua stori imeisha.

Bado. Hatari ya Ukimwi kwa njia hiyo ni ndogo sana, kweli (ingawa Jumatatu ni mapema mno kwa kipimo hicho). Lakini kisonono na kaswende hupitia mdomoni. Kisonono cha koo mara nyingi hakiumi wala hakina dalili; unakula chapo zako kama kawaida huku unaambukiza. Kliniki nyingi za umma nazo hutibu dalili, na zikipima, huomba mkojo.

Basi ukienda Mama Lucy, ama ukishuka tao hadi kliniki ya Casino pale River Road, taja mdomo. Ona aibu, lakini sema. Omba koo lipanguswe kwa pamba. Wakikosa kipimo hicho, uliza ni maabara gani inacho. Kaswende hupimwa kwa damu, na urudie baada ya miezi 3. Antibiotiki za kubahatisha pale kemisti achana nazo, kisonono kimeshazizoea nyingi.

Halafu mpigie mwenzako simu. Naye aende.