Asilimia ya Daktari Si Hukumu ya Mwisho



Safari hii tunataka kusema juu ya karatasi moja. Ni karatasi anayopewa mfanyakazi aliyeumia kazini baada ya kupimwa na daktari, nayo humwambia ulemavu wake ni asilimia ngapi. Wengi wetu huichukua karatasi hiyo, wakaikunja, wakaitia mfukoni, wakashuka Nyabugogo kutafuta basi la kurudi nyumbani. Madai yao yanaishia hapo. Wanasema: Daktari amekwisha kusema, mimi ni nani hata nimpinge? Sisi tunasema kwamba mawazo hayo yanawanyang'anya watoto wetu chakula chao.

Tumeitaja Nyabugogo kwa sababu hapo ndipo njia zetu zinapokutana. Mchuma chai wa Mulindi au wa Kinihira akiitwa Kigali, hushuka hapo. Wa Kitabi na Mata akitoka kusini, wa Pfunda akitoka Rubavu, wa Gisakura na Shagasha akitoka upande wa Nyamasheke na Rusizi, wote hushuka hapo. Mafundi wa magereji ya Gatsata na wenzetu wa viwanda vya mjini wako jirani. Mahali panapokutanisha watu wengi hivyo panafaa pia kuwakutanisha kwa mashauri, badala ya kila mtu kurudi kwao peke yake na huzuni yake.

Kwanza tuelewane juu ya fedha zenyewe. Fidia ya ajali kazini si sadaka. Hifadhi ya jamii ilianzishwa nchini Rwanda kwa sheria mwaka 1962, ikapangwa upya kwa sheria ya mwaka 1974, na mwaka 2010 ile Caisse Sociale ikaunganishwa na bima ya afya ya RAMA, ikawa Bodi ya Hifadhi ya Jamii, yaani RSSB. Kwa ajali na magonjwa ya kazini, mwajiri peke yake ndiye anayechangia, asilimia 2 ya mshahara. Fedha hiyo hutolewa kwa ajili ya kazi yetu, kabla hatujaumia, ili siku tukiumia iwepo. Kwa hiyo anayedai fidia anadai kilichokwisha kuwekwa kwa ajili yake.

Sasa tazameni jinsi nambari moja inavyoweza kubadili maisha. Ulemavu wa kudumu ukipimwa kuwa asilimia 15 au zaidi, mfanyakazi hupata pensheni inayoendelea. Ukiwa chini ya 15, hulipwa mara moja tu, mkupuo, na faili linafungwa. Baina ya 14 na 15 hakuna tofauti ambayo jicho la mtu linaweza kuiona katika mkono au mguu. Lakini katika nyumba ya mfanyakazi tofauti hiyo ni miaka na miaka ya kulipa kodi ya nyumba na kununua maharage. Basi ni lazima nambari hiyo ipatikane kwa kipimo cha haki, na mwenye mwili wake awe na ruhusa ya kuuliza imepatikanaje.

Hatusemi kwamba madaktari ni adui zetu. Hao ndio wanaotushona na kutuponya. Tunasema kwamba daktari humwona mtu kwa muda mfupi, siku moja, ndani ya chumba kilicho kimya. Hajamwona shambani saa nane mchana akiwa na mzigo mgongoni. Asipoambiwa kazi ilivyo, atapima kiungo bila kuijua kazi yake.

Tuchukue mifano. Chai huchumwa majani mawili na chipukizi, kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Mchumaji aliyekatwa kidole gumba kikapona, akiambiwa akikunje atakikunja. Lakini nguvu ya kubana imekwenda, na ganzi humshika baada ya saa moja. Naye hulipwa kwa kilo. Kukunja kidole mara moja mezani hakuonyeshi ni kilo ngapi amepoteza kwa siku. Nguvu ya kubana hupimwa kwa chombo chake, mkono wa kulia na wa kushoto, zaidi ya mara moja, kisha hesabu zikalinganishwa. Kama chombo hicho hakikutumika, hapo kuna jambo la kuuliza.

Mfano wa pili ni masikio ya wenzetu wa mitambo ya kufuma nguo. Kelele haiui sauti zote kwa pamoja. Huanza na zile sauti nyembamba za juu, karibu na mitetemo 4,000 kwa sekunde. Mtu kama huyo ataweza kujibu maswali ya daktari katika chumba kimya, lakini sokoni au barabarani hasikii anaitwa. Kumnong'oneza nyuma ya kisogo si kipimo cha kutosha. Kipimo ni cha mashine, sauti moja moja, katika chumba kilichozibwa kelele, na mtu awe amepumzika mbali na mitambo.

Wa tatu ni mgongo. Picha ya eksirei huonyesha mfupa. Haionyeshi mshipa wa fahamu uliobanwa. Karatasi ikisema "picha ni safi, hana ulemavu," haijajibu kwa nini mguu wa mpakiaji magunia unakufa ganzi.

Je, afanye nini mfanyakazi asiyeridhika? Asigombane na mtu dirishani, maana hasira haiingii katika faili. Kinachoingia ni maandishi, na wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo la kwanza, aombe nakala ya ripoti nzima ya daktari. Ile nambari ya mwisho peke yake haitoshi. Aulize siku ile ile muda wa kupinga ni siku ngapi, na auandike. Kama ripoti imeandikwa kwa lugha asiyoisoma, amtafute mjumbe wa wafanyakazi au mtu wa chama amsomee mstari kwa mstari.

Jambo la pili, atafute kosa liko wapi hasa. Je, ripoti imetaja mkono wa kushoto badala ya wa kulia? Je, imeandika kwamba yeye ni karani, naye ni mchumaji? Je, vyeti vya hospitali ya kwanza alikoshonwa vilisomwa? Je, alipimwa kabla kidonda hakijatulia? Kupinga maana yake ni kuonyesha mahali. Anayeandika "nimeonewa" tu, atajibiwa kwa mstari mmoja.

Jambo la tatu, atafute daktari wa pili, ikiwezekana bingwa wa kiungo kile. Hapa wengi hupoteza fedha bure. Huleta cheti kinachosema "mgonjwa huyu ana ulemavu mkubwa," basi. Cheti cha namna hiyo hakina uzito. Cheti chenye uzito husema daktari amesoma ripoti ya kwanza, ametumia kipimo gani, amepata nini, kazi ya mtu huyu inataka nini, na kwa sababu gani anafikia asilimia tofauti. Ni afadhali kurasa mbili za hoja kuliko mihuri mitano bila hoja.

Jambo la nne, apate maneno ya wenzake. Kapita aliyeona ajali, jirani wa mstari wa chai, fundi wa mashine ya pembeni, waandike walichokiona, tarehe na saa. Karatasi za malipo za kabla na baada ya ajali zitunzwe, maana kilo zilizopungua zinasema zenyewe. Na jeraha la zamani lisifichwe. Likigunduliwa baadaye, hata lililo kweli halitasadikiwa.

Jambo la tano, barua ya kupinga ipelekwe kwa mkono, na nakala igongwe mhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Mwajiri akikataa kutoa maelezo ya ajali, mkaguzi wa kazi wa wilaya aarifiwe.

Haya si ndoto zetu. Mkataba wa Shirika la Kazi la Kimataifa namba 102 wa mwaka 1952, kifungu cha 70, unasema kila mdai awe na haki ya kukata rufani akinyimwa malipo au asiporidhika na kiasi chake. Mkataba namba 121 wa mwaka 1964, ambao jirani zetu wa Kongo waliuridhia mwaka 1967, unasema hivyo hivyo kwa ajali za kazini. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2007 inampa asiyeridhika siku 60 za kupeleka pingamizi kwa Mkurugenzi, naye Mkurugenzi hujibu kwa maandishi ndani ya siku 14, na baada ya hapo kuna siku 30 za kwenda mahakama ya kazi. Nchini Uganda, ubishi juu ya kiasi cha ulemavu hupelekwa mbele ya bodi ya madaktari iliyowekwa kwa kazi hiyo. Majirani wote hawa wamekubali kwamba kipimo cha kwanza kinaweza kukosea.

Tusiwasahau ndugu zetu waliokuwa askari, ambao leo wanafanya kazi pamoja nasi. Tume ya kuwarudisha askari katika maisha ya kiraia iliundwa mwaka 1997, na sheria ya Januari 2007 inawalinda waliolemaa vitani. Wao pia hupimwa na madaktari na kuwekwa katika makundi kwa ukubwa wa ulemavu. Chuma kilichobaki mwilini hakikai mahali pamoja kwa miaka yote, na mguu uliotembea vizuri jana unaweza kukataa leo. Njia tuliyoieleza ni yao pia.

Wapo wanaosema kwamba mfanyakazi akifunguliwa mlango wa kupinga, atajifanya kilema. Tunawajibu: mwongo haogopi kipimo kibaya, kwa kuwa kipimo kibaya ndicho kinachomficha. Chombo kizuri kinamwumbua mwongo na kumlinda mkweli. Sisi tunataka vipimo zaidi, wala hatutaki huruma.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kila mfanyakazi apewe ripoti yake nzima bila kuiomba mara mbili. Maelezo ya kazi yake yafike mezani kwa daktari kabla hajapimwa, yakiwa yametiwa saini na mjumbe wa wafanyakazi. Na gharama ya kipimo cha pili isimwangukie mtu ambaye tayari amepoteza mshahara, kwa sababu haki inayonunuliwa kwa fedha ya bingwa ni haki ya matajiri tu.

Nasi wa chama tujidai pia. Kila kiwanda na kila shamba liwe na mtu mmoja anayetunza daftari la ajali, anayejua barua ya kupinga huandikwaje, na anayekubali kupanda basi pamoja na mwenzake siku ya kupimwa. Kidole kimoja hakivunji chawa, na aliyepoteza kidole ndiye anayehitaji vidole vya wenzake.

Ndugu uliye na karatasi mfukoni, itoe. Soma tarehe iliyoandikwa juu yake, hesabu siku zilizobaki, kisha umwone mjumbe wako kesho kabla ya zamu.